Uzoefu wangu na pampu mbili za mafuta zilizofungwa kwa kufuatana

Kwa miezi minane sasa ninaendesha Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE ambayo, mbali na pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tenki, nimeifungia pampu ya pili ya umeme chini ya bodi, zikifuatana kwenye bomba moja. Niliinunua pampu hiyo ya pili kwa sababu gari lilikuwa linapoteza nguvu kila turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ilipojaza, na muuzaji alinihakikishia kwamba mafuta yangeongezeka maradufu.

Hayakuongezeka hivyo. Nilipoyaacha yatoke bila kizuizi, pampu ya tenki peke yake ilinipa lita 1.7 kwa sekunde 30, na zote mbili kwa pamoja lita 1.8 tu, kwa kuwa mafuta yanayopita katika pampu ya kwanza ndiyo hayo hayo yanayopita katika ya pili. Kinachojumlishwa ni presha.

Manufaa yake niliyaona nilipopima kwenye bomba la kurudishia mafuta, regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta) ikiwa imeshikilia baa 3, baa ikiwa ni kipimo cha presha: kwa sekunde 30 zile zile, lita 1.1 za pampu moja zilipanda hadi 1.5 kwa pampu mbili. Kisha nikajaza hewa kwa pampu ya mkono kwenye mpira wa vakyumu wa regyuleta mpaka presha ikafika baa 4, jinsi inavyokuwa turbo ikijaza baa 1. Pampu moja ilishuka hadi lita 0.8, ilhali mbili zilitoa 1.4. Kila pampu hutoa mafuta machache kadiri presha iliyo mbele yake inavyokuwa kubwa, na zinapofuatana zinagawana mzigo huo. Barabarani, gari halipotezi nguvu tena.

Fundi wangu alisisitiza kila pampu iwe na relei yake (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya mnene, nami nakubaliana naye kabisa, maana volti zikipungua mafuta nayo hupungua.

Nililojifunza kwa gharama ni kwamba pampu ya nje haijui kuvuta vizuri. Mwezi wa tano ile ya tenki ilichoka, na ya nje ikaanza kulia kwa sauti kali, hasa mchana wa joto, kwa sababu petroli ilikuwa inageuka mvuke kabla ya kuifikia. Nilibadilisha ya tenki siku hiyo hiyo, na kelele ikakoma. Anayetafuta wingi wa mafuta kwa presha ndogo ningemshauri afunge pampu mbili sambamba, yaani kila moja ikivuta na kusukuma mafuta yake pembeni mwa nyingine, au anunue pampu moja kubwa ya ndani ya tenki.