Omeprazoli ya miligramu 20 kwa kiungulia sugu: tathmini ya mtumiaji

Kwa miaka mitatu kiungulia kilinipandia karibu kila usiku, na kama wengi wetu nilijiambia kwamba nina vidonda vya tumbo, jina ambalo huku kwetu hubebeshwa kila maumivu ya chembe ya moyo. Nilitafuna tembe za magnesiamu nikapata nafuu ya saa moja au mbili, kisha saa nane za usiku maji makali yakanifika kooni, nikaamka nikikohoa. Daktari alinieleza kwamba msuli unaofunga njia pale umio unapoingia tumboni umelegea, ndiyo maana asidi hupanda, akaniandikia omeprazoli, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki nane.

Wiki mbili za mwanzo sikuona tofauti ya maana, na kosa halikuwa la dawa. Duka niliponunulia walinikabidhi bahasha ndogo iliyoandikwa "1×1" kwa kalamu, bila neno lolote kuhusu saa wala chakula, nami nikawa nameza baada ya chakula cha usiku, kama tulivyozoea kuelekezwa kwa dawa za maumivu. Niliporudi, daktari alikifungua kidonge kimoja juu ya karatasi: ndani hamkuwa na unga, bali punje nyeupe ndogo mithili ya ulezi, kila moja imevikwa utando ili asidi ya tumbo isiiharibu kabla haijafika kwenye utumbo mdogo. Kutoka huko dawa huingia kwenye damu na kurudi kwenye seli zinazotengeneza asidi, ambako huzifunga pampu zinazosukuma asidi tumboni, tena zile zilizo kazini tu. Kwa kuwa chakula ndicho kinachoziamsha pampu, na dawa yenyewe haikai kwenye damu kwa muda mrefu, kidonge kinapaswa kumezwa kizima, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa.

Nilipoanza kumeza alfajiri kabla ya chai, siku ya nne nililala hadi asubuhi, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Kwa hiyo anayetafuta nafuu ya papo hapo asiilaumu dawa hii, maana si kazi yake. Hapo tembe za kutafuna bado zina nafasi.

Ninaloona wauzaji wangepaswa kulisema waziwazi ni kwamba omeprazoli hupunguza asidi, lakini haikazi msuli uliolegea. Kilichonisaidia kwa hilo ni kuacha muda wa saa tatu kati ya chakula cha jioni na kulala, kupunguza maharage yaliyoungwa kwa mafuta mengi, na kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, kiasi cha sentimita 15. Mito miwili niliyoijaribu kwanza ilinikunja tumbo tu.

Kuacha nako kuna taabu yake. Nilipomaliza wiki nane nikaacha ghafla, kiungulia kilirudi kwa nguvu, kwa sababu tumbo lililozuiwa kwa muda huzidisha asidi pindi kizuizi kinapoondoka. Nilifaulu mara ya pili kwa kumeza siku moja na kuruka moja, kwa maelekezo ya daktari. Wapo wanaoihitaji kwa miaka, ila matumizi marefu yanaweza kushusha magnesiamu na vitamini B12 mwilini, hivyo yasiendelee bila kupimwa.

Kwa bei na kazi yake naipendekeza bila kusita. Ipo sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vingi vinaitengeneza, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini ambaye chakula kinamkwama anapomeza, anayepungua uzito bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asianzie dukani: aende hospitali, kwa kuwa nafuu ya kidonge hiki inaweza kumficha ugonjwa mkubwa zaidi. Vilevile anayetumia klopidogreli kwa ajili ya moyo amwambie daktari kwanza, kwani omeprazoli huipunguzia nguvu.