Jezi ya Wilson namba 3, kutoka meza ya mitumba soko la Mwanga, Kigoma

Nimeinunua kwa shilingi 11,000. Kijana muuzaji alianzia 18,000, tukavutana, tukakutana hapo. Naanza na bei kwa sababu ndiyo watu wa mtaani wanayoniuliza kila mwanangu akipita nayo. Kwa nilichokiona mezani kwangu, hata angekaza kwenye 15,000 ningetoa.

Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa 19. Kila wiki naletewa jezi tano au sita za kupunguza: za Yanga, za Simba, na tangu Mashujaa wapande Ligi Kuu, za Mashujaa pia. Jezi nazijua kwa ndani, kule ambako mnunuzi haangalii.

Belo lilifunguliwa Jumamosi. Nilifika saa moja asubuhi, watu wamekwisha kujaa, nikaona kitu cha rangi ya chungwa kimefunikwa na masweta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii nini?"

"Jezi ya besiboli hiyo, mama. Mzigo wa Marekani."

Si ya besiboli, ni ya mpira wao wa miguu, ule wa kofia ngumu, ambao mikono ndiyo inayofanya kazi zaidi. Lakini kijana simlaumu. Hata mimi sikujua siku hiyo. Nilichojua ni kwamba nimeshika nguo iliyoshonwa na mtu mwenye adabu ya kazi.

Nilipofika nyumbani niliigeuza. Namba 3 ni nyeupe, imezungushiwa rangi ya bluu nzito, na haikuchapwa. Ni kitambaa juu ya kitambaa, kimeshonewa kwa zigizaga iliyobanana sana ukingoni, uzi wa rangi ileile ya kitambaa. Nilihesabu mishono kwenye sentimita moja, nikavua miwani, nikaifuta, nikahesabu tena. Ukipitisha kucha ukingoni haipati pa kuingia. Zile za bei rahisi namba inabandikwa kwa joto, ukifua mara nne inaanza kukunjamana kwenye kona, ya tano inabanduka. Mabegani wameweka kitambaa kizito kisicho na matundu, ubavuni chepesi cha nyavunyavu ili hewa ipite, na pale vitambaa viwili vinapokutana mshono umelazwa na kushonwa mara mbili. Kwapani, ambako jezi zote hufia, kuna kipande cha ziada. Nani siku hizi anaweka kipande kwapani?

Jina nalo, WILSON, limeshonewa kwanza kwenye ukanda wa kitambaa, kisha ukanda ndiyo ukashonewa mgongoni. Ukitaka unaufumua wote, unashonea mwingine, na mwili wa jezi hauguswi. Nilikaa nikiutazama ule ukanda kwa muda. Aliyeibuni hiyo njia alijua wachezaji huja na kuondoka.

Rangi niliijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa, nikasugua pindo: haikutoka hata chembe. Nimeifua mara sita sasa kwa sabuni ya mawese, nikaianika kwenye jua letu hili la Kigoma bila huruma. Iko vilevile.

Sasa huyo Wilson ni nani. Nilipiga picha nikamtumia binti mmoja ambaye nilimfundisha kushona kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, enzi nikienda kule kufundisha. Familia yao ilihamishiwa Marekani, wakapangiwa Denver, na hadi leo ananiita mama. Usiku wa kwao ndio alfajiri yetu, kwa hiyo niliamka nikakuta sauti yake kwenye simu, anaongea Kiswahili chao cha Kongo, anacheka huku anasikitika: "Mama, hiyo jezi unaijua? Hiyo ni ya feza mingi sana!"

Alinisimulia siku tatu, vipande vipande, na nyingine nikaenda kuisoma mwenyewe. Naiandika hapa kwa sababu kwangu haiachani na nguo.

Timu ni Denver Broncos. Kwenye mchezo huo kuna mtu anaitwa kwotabeki. Kila shambulizi mpira unaanzia mikononi mwake, naye ndiye anaamua: aurushe mbele, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Denver walikuwa na mkubwa, Peyton Manning. Alistaafu baada ya kuchukua ubingwa wa Super Bowl Februari 2016. Wakaanza kutafuta wa kumrithi. Wakajaribu Siemian, Keenum, Flacco, Lock, Bridgewater, na wengine kati yao. Novemba 2020 makwotabeki wao wote walizuiwa kwa sababu ya korona, ikabidi nafasi ile achezeshwe Kendall Hinton, kijana ambaye kazi yake ni kudaka. Alirusha mara 9, ukafika mmoja. Wakafungwa 31 kwa 3. Binti yangu anasema watu wa kule bado wanaikumbuka ile siku, na wanamwonea huruma kijana kwa sababu alikubali kusimama pale wakati hakuna mwingine.

Kwa hiyo nawaelewa walivyokuwa na kiu. Machi 2022 wakamfuata Russell Wilson kule Seattle Seahawks, mtu mwenye ubingwa wake, na ubingwa huo aliupata kwa kuwapiga haohao Denver 43 kwa 8, Februari 2014. Bei yake ilikuwa kubwa: wachezaji watatu, na nafasi tano za kuchagua wachezaji wapya. Hapa nifafanue. Kule vijana wanatoka vyuoni, timu zinawachagua kwa zamu kila mwaka, raundi kwa raundi, na timu iliyofanya vibaya ndiyo inatangulia. Zamu yenyewe ni mali, inauzwa. Denver waliuza zamu mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, na moja ya raundi ya tano. Walirudishiwa moja ya raundi ya nne tu pamoja na Wilson mwenyewe.

Wilson alikuwa bado na miaka miwili kwenye mkataba aliokuja nao, kwa hiyo hakukuwa na moto wa kukimbilia. Lakini tarehe 1 Septemba 2022, kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi na jezi hii ya chungwa, walimwongezea miaka mitano yenye thamani ya kama dola milioni 245, na 165 kati yake ni za uhakika, acheze asicheze.

Hapo ndipo niliweka mkasi chini.

Mwaka 2014 nililetewa kitenge kizuri cha Kongo cha gauni la sendofu. Mwenye sherehe alikuwa Dar, dada yake akanisomea vipimo kwenye simu. Kanuni yangu ilikuwa, na sasa ni sheria, kwamba gauni la sherehe silikati bila kumwona mwenyewe, na baada ya kukata lazima alijaribu likiwa limeshikizwa kwa uzi wa mkono kabla ya cherehani kupita. Siku ile nilikata. Kitenge kilikuwa cha bei mbaya, dada mtu anaharakisha, na mimi nilitaka lile gauni lionekane na watu kuwa limetoka kwangu. Mwenye sherehe alishuka kwenye treni siku mbili kabla ya shughuli, likambana kifuani na kupwaya kiunoni, na nguo iliyokatwa pungufu haiongezeki. Nilimlipa kitenge chake. Hakunisema neno, alivaa gauni la kuazima, na mimi sikwenda kwenye sherehe ile niliyokuwa nimealikwa.

Mechi ya kwanza ya Wilson, tarehe 12 Septemba 2022, ratiba ikampeleka kulekule Seattle, mashabiki waliompenda miaka kumi wanamzomea. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Denver wako nyuma kwa pointi moja, dakika inaisha, wanahitaji yadi tano tu ili waendelee kushambulia. Mtu wa milioni 245 yupo uwanjani kwa ajili ya dakika ileile. Kocha Nathaniel Hackett akamtoa, akaleta mpigaji apige kwa mguu kutoka yadi 64, karibu mita 58. Ukapita pembeni. 17 kwa 16. Kama ulinunua mkasi wa bei ile, kitambaa kikija unakichana kwa mikono?

Msimu ule walipoteza mechi 12 kati ya 17. Siku ya Krismasi walipigwa 51 kwa 14, kesho yake Hackett akafukuzwa. Na kumbuka zile zamu walizouza: kadiri Denver walivyoharibikiwa ndivyo zamu iliyokuwa mikononi mwa Seattle ilivyosogea mbele, hadi ikawa ya tano kwa ligi nzima mwaka 2023. Seattle wakamchagua Devon Witherspoon. Nafasi ya Wilson kule kwao aliishika Geno Smith, aliyekuwa akikaa benchi nyuma yake, na msimu uleule wa 2022 akawafikisha kwenye mtoano.

Sikubaliani na wanaosema Wilson alikuwa ameisha. Mwaka wa pili, chini ya kocha Sean Payton, alirusha mipira 26 ya kufunga, na mingine 8 tu ndiyo iliyonaswa na wapinzani. Huyo si mtu aliyeisha. Payton anataka mpira utoke mkononi kwa wakati, kwa mpangilio. Wilson alijijengea jina kwa kuzunguka huku na kule mpaka mwanya utokee. Kitambaa kizuri, mwili mwingine. Mechi mbili za mwisho za 2023 wakamweka benchi, maana angeumia, dola milioni 37 za mwaka 2025 zingekuwa lazima zilipwe. Mchezaji mzima, ana nguvu zake, anaketi ili asiumie! Hilo limenikaa moyoni kuliko hesabu zote. Machi 2024 wakamwacha. Kule kila timu ina kikomo cha mishahara, na pesa uliyomwahidi mtu inahesabiwa hata akiwa hayupo: milioni 85 zilihesabiwa kwa Denver, rekodi ya ligi wakati huo, zikagawanywa miaka miwili. Alikwenda timu ya Pittsburgh Steelers, ambao walimlipa kima cha chini, milioni 1 na kitu, na sehemu kubwa ya mshahara wake ikawa inatoka Denver.

Mwaka huohuo Denver wakamchukua kijana kutoka chuoni, kwotabeki Bo Nix, kwa zamu yao wenyewe, ya 12. Msimu wake wa kwanza tu akawarudisha kwenye mtoano ambao hawakuuona tangu enzi za Manning.

Nirudi mezani kwa muuza mitumba. Mzigo wake ni mzuri na hadanganyi. Akikuambia ina doa, anakuonyesha doa. Lakini nina neno naye, na ana kwa ana nilimwambia. Jezi anazitundika kwenye misumari. Hii ilikuwa na tundu dogo nyuma ya kola, jipya, nyuzi bado zinang'aa, na tundu kwenye kola linafunguka kila nguo ikivaliwa. Nimeliziba kwa mkono kwa uzi wa chungwa, robo saa imekwenda. Pia hana pa kujaribia, hata pazia. Nguo za Marekani zina upana wao: hii imeandikwa L na ilimmeza mwanangu wa miaka 16. Nenda na tepu yako, pima kwapa hadi kwapa ikiwa imelazwa, usisome herufi. Akishakupa chenji harudishi.

Nimepunguza ubavuni inchi mbili kila upande, nikafuata mshono wao uleule wa kulaza. Ilinichukua jioni nzima na sindano mbili zilivunjika.

Mwanangu aliniomba nifumue WILSON nimwekee jina lake. Ukanda ungetoka kwa dakika kumi. Nilichukua wembe, nikaunyanyua uzi wa kwanza kwenye kona, nikaurudisha. Nikamwambia mtu huyu alivaa alichopewa na akacheza, jina libaki. Jumapili aliivaa akateremka nayo Kibirizi kwenye mitumbwi, na kutoka juu kwenye kilima nilikuwa naiona ile chungwa yake peke yake kati ya watu wote.

Meza iko upande wa nyuma wa soko, baada ya wauza viatu. Belo jipya hufunguliwa Jumamosi, na ukifika saa mbili umechelewa.