TAHADHARI: Kuna jamaa anadai "anaamsha" leseni za ukandarasi California

Ndugu zangu mnaofanya ujenzi California, hasa mliolaza leseni zenu (mkaziweka "inactive", zipo ila hazitumiki) mkaenda nyumbani au mkaajiriwa: nimelizwa dola 1,850, na sitaki mwingine afuate.

Mimi fundi rangi, leseni ya aina ya C-33. Leseni niliilaza 2021 nilipokwenda Tanga kumuuguza mama. Leseni ikilala huhitaji bondi (dhamana ya kumlinda mteja) wala bima ya wafanyakazi (ya wanaoumia kazini), ila huruhusiwi kufanya kazi ya ukandarasi wala kumpa mteja bei. Niliporudi, nikakutana na "wakala" kwenye kundi la WhatsApp. Kiswahili safi, kila sentensi "kaka yangu". Akasema bondi ni dola 25,000, kwa hiyo niweke "amana" ya 1,500, na 350 ya kusukuma faili kule CSLB, bodi ya leseni za wakandarasi ya California. Nikatuma kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana pesa kwa simu. Baada ya siku mbili akanirushia cheti cha bondi chenye muhuri mwekundu.

Aliyenifumbua macho ni mteja, bibi mmoja wa Sacramento. Kabla hajasaini mkataba aliingiza namba yangu kwenye tovuti ya CSLB, kisha akaniuliza kwa upole mbona leseni imelala na sehemu ya bondi haina kitu. Nilitamani ardhi ipasuke. Kukisoma upya kile cheti, kimeandikwa dola 15,000! Hicho ni kiwango cha zamani; tangu tarehe 1 Januari 2023 ni 25,000. Tapeli kabandika jina langu kwenye karatasi ya kale, tena jina la biashara kalikosea. Nami wiki nzima nilikuwa nausifia muhuri.

Sasa sikilizeni. Zile 25,000 huziweki popote. Unailipa kampuni ya dhamana ada ya kila mwaka, sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kutegemea historia yako ya mikopo. Wala bondi si bima yako: inamlinda mteja, na kampuni ikishamlipa inakugeukia wewe urudishe. Ombi la kuamsha leseni unalijaza mwenyewe na ada unailipa CSLB wenyewe. Jina kwenye bondi lilingane na la leseni herufi kwa herufi.

Alitaka pia kuniuzia bima ya wafanyakazi, wakati sina hata mfanyakazi mmoja. Fundi rangi wa peke yake hujaza fomu ya msamaha wa bima hiyo, basi. (Wa paa, zege na viyoyozi hawana msamaha huo, hata kama mtu hana mfanyakazi.)

Jamaa hubadilisha jina na picha, lakini maneno ni yale yale: "amana ya bondi". Ukiyasikia, muulize namba ya leseni yake ya bima. Wakala wa kweli anayo, na unaihakiki bure kwenye tovuti ya idara ya bima ya California. Mimi nilipomuuliza, alinibloku palepale.