Waliotufungia mfumo wa moto na kamera: tathmini baada ya miezi minane

Nyumba ya wageni ninayoisimamia Sinza, Dar es Salaam, ina ghorofa tatu, vyumba 28, jiko moja na mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni. Miezi minane iliyopita tulifungiwa mfumo wa kutambua moto, kamera za usalama na kufuli za kadi, kazi zote tatu zikifanywa na kampuni moja. Jina lake nalihifadhi kwa kuwa kuna jambo ambalo bado hatujalimaliza nayo, lakini naamini maelezo ya kazi yenyewe yatamfaa yeyote anayetafuta mafundi wa aina hii.

Tuliomba makisio ya bei kwa kampuni tatu. Mbili zilituma bei kwa simu siku hiyo hiyo baada ya kuuliza idadi ya vyumba tu. Ya tatu ilimtuma fundi wake mkuu, ambaye alizunguka jengo kwa muda wa saa tatu akiwa na ramani mkononi, akapima korido, akapanda juu ya dari kuona nyaya zitapita wapi, na akauliza maswali ambayo sikuyatarajia: wageni huvutia sigara wapi, jiko linatumia gesi au mkaa, na usiku nani hubaki mapokezi. Nilipomwambia kwamba wenzake wameshatoa bei bila kufika, alicheka. “Dada, bei bila kuliona jengo ni ramli.” Bei yake ilizizidi zile mbili, nasi tukaikubali.

Kwa paneli, yaani kisanduku kikuu kinachoongoza mfumo wa moto, alitushauri tuchukue ya anwani badala ya ya kanda. Katika paneli ya kanda, king'ora kinapolia taa huonyesha sehemu ya jengo tu, na mlinzi hulazimika kugonga mlango mmoja mmoja. Katika paneli ya anwani, kioo huandika chumba chenyewe. Kwa duka la chumba kimoja sioni sababu ya kuingia gharama hiyo, ila mahali ambapo watu wamelala ni fedha iliyotumika vizuri. Jikoni hawakufunga kitambua moshi bali kitambua joto, maana kila siku ya kukaanga samaki ingekuwa siku ya king'ora, na wageni waliokwisha kusikia king'ora cha uongo mara tatu hawatoki tena vyumbani.

Nyaya za moto walizotumia ni nyekundu, za aina inayostahimili moto, nazo zimeshikiliwa na vibanio vya chuma. Niliuliza kwa nini si vya plastiki kama vya umeme wa kawaida, nikaelezwa kwamba plastiki huyeyuka mapema, nyaya zikaning'inia koridoni na kuwanasa wazimamoto wanaoingia gizani. Kazi hiyo yote sasa imefunikwa na dari, na ndiyo maana nashauri mteja awepo kabla dari haijafungwa.

Siku ya makabidhiano ndiyo iliyonishawishi zaidi. Walikijaribu kila kitambua moshi kwa moshi wa kopo, kimoja baada ya kingine, kazi iliyochukua asubuhi nzima, na viwili havikuitika kabisa: vifuniko vya kuzuia vumbi, vilivyowekwa wakati wa kupaka rangi, vilikuwa havijatolewa. Mfungaji ambaye hujaribu vichache tu angetuachia vyumba viwili visivyo na ulinzi, huku paneli ikionyesha kwamba mambo yote ni sawa. Vilevile walipima sauti ya king'ora kwenye mto wa kitanda, mlango ukiwa umefungwa, wakitaka ifike desibeli 75, na katika vyumba vinne waliongeza ving'ora. Kisha walizima umeme na kuiacha paneli itegemee betri zake, ambazo kwa hesabu yao zinapaswa kuihudumia kwa saa 24 na bado zibakize nguvu ya kupiga king'ora kwa nusu saa. Kwa mji unaoujua mgao wa umeme, hesabu hiyo si ya kupuuza.

Kosa kubwa lilionekana siku hiyo hiyo. King'ora kilipolia, mlango wa nyuma uliendelea kushikwa na sumaku yake, kwa sababu fundi wa kufuli na fundi wa moto hawakuwa wameunganisha kazi zao. Waliliona wenyewe na kulirekebisha kabla ya jioni. Sasa paneli ikipiga, sumaku hukatiwa umeme na mlango hufunguka kwa kusukumwa tu. Hata hivyo, kwa kampuni inayouza mifumo yote miwili pamoja, hilo lilipaswa kuwa kwenye mchoro tangu mwanzo.

Kuhusu kamera sina mengi: picha ni safi mchana na usiku. Tatizo ni neno la siri la msimamizi wa rekoda, kifaa kinachohifadhi picha hizo; neno hilo kampuni imebaki nalo kwa maelezo kwamba linawasaidia kutuhudumia wakiwa mbali. Sikubaliani nao. Picha za wageni wanaoingia na kutoka ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayetakiwa kuzijibia ni sisi, si fundi.

Huduma ya baadaye nayo imelegea. Mkataba unataka ukaguzi kila baada ya miezi sita. Ukaguzi wa kwanza ulichelewa kwa wiki tano, nao ulifanyika baada ya barua mbili. Jaribio la kila wiki tunalifanya wenyewe, tukibonyeza kitufe kimoja cha dharura kila Jumatatu saa nne asubuhi na kubadilisha kitufe kila wiki, kisha tunaandika kwenye daftari waliloliacha. Mkaguzi wa Zimamoto alipofika, daftari hilo ndilo alilolitaka kwanza.

Ningewapa kazi hii tena, kwa sharti kwamba maneno yote ya siri yaandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla ya malipo ya mwisho. Sisi tulilipa kwanza, na barua yangu ya tatu kuhusu rekoda imepelekwa ofisini kwao juzi.