Dawa ya kupaka ya fangasi wa miguu: ipi ununue kwanza

Ngozi ikianza kubabuka na kuwasha katikati ya vidole, hasa pale kwenye kidole cha mwisho na jirani yake, usichague dawa kwa jina kubwa la kwenye boksi. Geuza boksi usome maandishi madogo. Kilichomo ndani ndicho kitakachokuponya.

Chaguo langu la kwanza ni krimu ya terbinafini ya asilimia 1. Hii inaua fangasi, wakati nyingine nyingi humzuia tu asikue, ndiyo maana matibabu yake ni mafupi: mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki 1, kama tatizo liko kati ya vidole. Unyayo ukiwa mkavu wenye magamba, wiki 2.

Zinazofuata ni klotrimazoli ya asilimia 1 na mikonazoli ya asilimia 2. Zinaponya, ila zinataka uvumilivu: mara mbili kwa siku, takriban wiki 4. Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Muwasho unatulia siku za mwanzo, tyubu inasahauliwa kabatini, fangasi anarudi. Ukijijua ni mvivu wa kupaka, rudi kwenye terbinafini.

Tolnaftati naiweka nyuma ya hizo, maana nguvu yake ni ndogo. Poda ni ya kukausha miguu na kunyunyizia ndani ya viatu. Usiitegemee peke yake.

Nistatini iache. Inatibu kandida, fangasi wa aina nyingine, haiwagusi fangasi wa kawaida wa miguu.

Ninayoihofia zaidi ni krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, mfano betamethasoni. Inapendwa sana kwa sababu wekundu na muwasho hupungua upesi, kumbe steroidi inatuliza ngozi huku ikimpa fangasi nafasi ya kuenea. Ukiona jina hilo kwenye boksi na hukuandikiwa na daktari, lirudishe.

Kabla ya kupaka, osha miguu na kausha vizuri katikati ya vidole, kisha pitisha dawa kidogo nje ya ukingo wa kidonda. Mwenye kisukari, au mguu uliovimba na kutoa usaha, aende kituo cha afya kwanza. Na kucha zikishanenepa na kuwa njano, krimu hizi hazipenyi. Matibabu yake ni mengine.