Quake II: Ununue Toleo Gani Leo

Quake II, mchezo wa kompyuta uliotolewa na id Software mwezi Desemba 1997, bado unauzwa kwa sura kadhaa, na asiyejua tofauti zake anaweza kulipa zaidi akapata pungufu. Ingawa jina lake ni la mwendelezo, hadithi yake haihusiani na ile ya Quake ya 1996, kwa hiyo hakuna haja ya kuanza na ule wa kwanza. Hapa mchezaji ni askari aitwaye Bitterman, anayejikuta peke yake katika sayari ya Stroggos akipambana na Strogg, viumbe ambao miili yao ni mchanganyiko wa nyama na mashine.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, toleo lililoboreshwa na Nightdive Studios mwezi Agosti 2023, likinunuliwa kwa ajili ya kompyuta kupitia Steam au GOG, maduka ya michezo ya mtandaoni. Bei yake ya kawaida ni dola 9.99 za Marekani, na msimu wa punguzo hushuka. Ndani yake mna mchezo wa asili, nyongeza mbili za 1998 ziitwazo The Reckoning na Ground Zero, hatua za toleo la Nintendo 64 ambazo hapo awali hazikupatikana kwingine, na sehemu mpya ya hatua 28, Call of the Machine, iliyotengenezwa na MachineGames. Hiyo ya mwisho pekee ingetosha kuhalalisha bei. Imeongezwa pia dira inayoonyesha njia ya kufikia lengo linalofuata, na wakongwe wanaoidharau wamesahau jinsi hatua za 1997 zinavyomlazimu mchezaji kurudi alikotoka mara kwa mara, akitafuta swichi aliyoipita bila kuiona.

Mwenye kompyuta dhaifu naye asikate tamaa. Msimbo wa mchezo huu uliachiwa huru mwaka 2001, na wapenzi wake wakautumia kutengeneza programu ya bure iitwayo Yamagi Quake II, ambayo ni nyepesi na huyatumia mafaili ya asili yanayokuja pamoja na mchezo ukiununua Steam.

Nafasi ya pili ni toleo hilohilo la 2023 kwa Nintendo Switch, PlayStation au Xbox. Yaliyomo ni yale yale, na watu wanne wanaweza kucheza pamoja kwenye runinga moja, jambo linaloweza kulipandisha hadi nafasi ya kwanza katika nyumba yenye vijana wengi. Nimeliweka chini kwa sababu mchezo huu ulibuniwa kwa kipanya: kulenga kwa Railgun, bunduki ambayo risasi moja ikikosa unasubiri kabla ya kufyatua nyingine, ni kazi ngumu zaidi kwa padi.

Quake II RTX, ambayo NVIDIA iliitoa mwaka 2019, ni ya tatu. Mwanga na vivuli vyake vinapendeza mno, na hatua tatu za mwanzo ni za bure, ila anayetaka kuendelea ni lazima awe na mchezo kamili, na kadi yake ya michoro iwe na uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga. Kununua kadi ya namna hiyo kwa ajili ya mchezo huu peke yake ni kutupa fedha.

Diski na kaseti za zamani zinabaki mkiani. Toleo la PlayStation la 1999 lilipunguziwa hatua, na lile la Nintendo 64 limekwisha kuingizwa katika toleo la 2023. Hata diski ya kompyuta ya 1997 ina kasoro yake: muziki wa Sonic Mayhem ulirekodiwa kama nyimbo za CD, hivyo ukinakili mafaili tu na kuyapeleka kwenye kompyuta isiyo na kisomeo cha diski, utapigana na Strogg bila muziki wowote.