Dalali wa bima mjini Kisumu: tathmini ya mwaka mmoja wa bima ya afya, mali na hafla

Ofisi ninayoitathmini hapa iko ghorofa ya pili ya jengo la zamani karibu na mtaa wa Oginga Odinga, mjini Kisumu. Ni ofisi ndogo yenye meza tatu na benchi la wateja, na shughuli yake ni kuwatafutia watu binafsi bima kutoka kwa kampuni mbalimbali. Nimekuwa mteja wao tangu Januari 2025, nikinunua kupitia kwao bima ya afya ya familia, bima ya vitu vya nyumbani na, mwezi wa Desemba mwaka huo, bima ya harusi ya dada yangu mdogo. Jina lao nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa ninachotaka msomaji akipime ni jinsi kazi ya kuchagua bima inavyopaswa kufanywa, ili aweze kuidai katika ofisi yoyote atakayoingia.

Niseme kwanza kilichonifikisha pale. Miaka michache iliyopita nilinunua bima ya nyumba kwa njia ya simu, kutoka kwa wakala aliyenipigia wakati wa chakula cha mchana. Aliniuliza vitu vyangu vina thamani gani, nami nikakadiria shilingi 400,000 bila kuhesabu chochote. Wezi walipovunja mlango wa nyuma tukiwa kanisani, wakaondoka na vitu vya shilingi 120,000, na mkadiriaji hasara aliyetumwa na kampuni akakagua nyumba nzima na kuamua kwamba mali yote ilikuwa na thamani ya shilingi 800,000. Kwa kuwa nilikuwa nimeikatia bima nusu tu ya thamani yake, nikalipwa nusu ya hasara, yaani 60,000, na humo wakatoa 10,000 ambazo mkataba ulisema mwenye bima hujibebea mwenyewe katika kila dai. Nilipata 50,000. Kipengele hicho kilikuwamo katika mkataba tangu mwanzo, kwenye ukurasa wa tisa, na hakuna aliyenionyesha. Ndiyo maana ninaipima huduma ya bima kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, anayeniuzia ananiambia mapema ni lini sitalipwa?

Katika ofisi hii niliambiwa hivyo kabla sijauliza bei. Mama aliyenihudumia alianza kwa kunieleza tofauti ya wakala na dalali, kwamba wakala huiwakilisha kampuni ilhali dalali humwakilisha mteja, ingawa wote wawili hulipwa kamisheni na kampuni. Nilimuuliza waziwazi kama kamisheni hiyo haimvuti kuelekea kampuni fulani. Akajibu, “Mwalimu, nitakuwekea mikataba mitatu mezani, uisome yote, halafu uniulize kwa nini nimependekeza ule ninaoupendekeza.” Aliitoa yote mitatu, ikiwa mikataba kamili na si vile vijikaratasi vya rangi vya matangazo, akaniruhusu kwenda nayo nyumbani kwa wiki nzima.

Tulianza na afya. Mimi nafundisha katika chuo cha ufundi cha kibinafsi, kwa hiyo kila mwezi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wangu kwenda kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024. Makato hayo ni ya lazima, na bima ya kibinafsi haiyaondoi. Swali la maana kwa mtu mwenye mshahara wa kadiri kama wangu ni pengo gani linabaki baada ya SHA kulipa, na hapo ndipo mama yule alipotumia muda mwingi zaidi. Alinionyesha mfano wa kujifungua kwa upasuaji: viwango vya SHA vilivyotangazwa mwaka 2024 vilitoa shilingi 30,000 kwa upasuaji huo katika hospitali za ngazi ya nne hadi ya sita, na hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi ya hapo, familia ndiyo hubeba tofauti. Kwa hiyo alinishauri nianze na bima ya kulazwa peke yake, kwa sababu bili ya kulazwa ndiyo inayouza ng’ombe na shamba, ilhali dawa za kikohozi na vipimo vya malaria tunaweza kuvilipia kutoka mfukoni kwa miezi kadhaa bila kuanguka. Bima ya matibabu ya kutolazwa ingeongeza gharama yangu karibu maradufu. Nilikubaliana naye, na sijajuta.

Kisha akanipitisha katika vipindi vya kusubiri, akiviandika kwa kalamu pembeni mwa mkataba. Ajali hulipiwa tangu siku ya kwanza. Ugonjwa wa kawaida husubiri siku 30, upasuaji siku 60, uzazi miezi kumi, na ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kujiunga husubiri mwaka mzima, na hata baada ya hapo una kikomo chake kidogo. Mke wangu ana shinikizo la damu. Niliwaza kwa dakika moja kutoliandika katika fomu, na nadhani wengi huwaza hivyo. Mama yule alinieleza kwamba mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeomba, na kwamba kampuni ikigundua hospitalini kuwa ugonjwa ulifichwa, inaweza kukataa dai, hata kuubatilisha mkataba wote pamoja na haki za watoto. Tuliliandika. Gharama ilipanda kidogo, lakini mwaka huu kipindi cha kusubiri kimekwisha na ugonjwa huo umo ndani ya mkataba kihalali.

Mambo mawili mengine aliyoyasisitiza nimeona wengi hawayaangalii. La kwanza ni kama kikomo ni cha kila mtu au cha familia nzima. Mkataba mmoja kati ya ile mitatu ulikuwa na shilingi milioni moja kwa herufi kubwa, lakini kiasi hicho kilikuwa cha watu watano kwa pamoja, na kulikuwa na vikomo vidogo vya uzazi, meno na macho ndani yake. La pili ni orodha ya hospitali. Mkataba wa bei nafuu kuliko yote ulikuwa na orodha ndefu ya hospitali za Nairobi, na mbili tu za Kisumu, zote za upande mmoja wa mji. Mtu anayeishi Mamboleo mwenye mtoto anayetapika saa nane za usiku hahitaji hospitali ya Nairobi. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 67, hakuweza kuingizwa kwa kuwa kampuni ile hupokea wanachama wapya hadi miaka 65, na hilo niliambiwa mara moja, kabla sijajaza ukurasa hata mmoja kwa ajili yake.

Upande wa vitu vya nyumbani, nilirudi nikiwa na kidonda cha zamani, na nilipewa kazi ya kufanya. Niliambiwa nipite chumba baada ya chumba, niandike kila kitu na bei ya kukinunua leo, nipige picha, na nitafute stakabadhi. Kazi hiyo ilituchukua Jumamosi mbili. Jumla ilifika shilingi 1,150,000, na sikuamini mpaka nilipohesabu mara ya pili: vitanda, magodoro, sufuria, vitabu na nguo ni pesa nyingi kuliko tunavyodhani. Mkataba wetu unasema kwamba kitu kimoja hakilipwi zaidi ya asilimia 5 ya jumla isipokuwa kimetajwa peke yake, na asilimia 5 ya jumla yetu ni 57,500. Kipakatalishi changu kina thamani ya 95,000, kwa hiyo tulikitaja. Tena tulikiweka katika sehemu ya vitu vya kubeba, inayokilinda hata nikiwa nacho kwenye matatu ya kwenda Kakamega, kwa sababu sehemu ya kawaida hukilinda kikiwa ndani ya nyumba tu. Simu tuliziacha nje kwa ushauri wake, maana kiasi cha kujibebea katika kila dai la simu kilikuwa kikubwa mno kulinganisha na bei ya simu zetu.

Jambo lililonigusa zaidi lilihusu cherehani za mke wangu. Anashona nguo za harusi na sare za kwaya katika chumba cha mbele, na ana cherehani mbili pamoja na mashine ya kudarizi. Nilikuwa nimeziandika katika orodha ya vitu vya nyumbani. Mama yule alizizungushia duara akasema, “Hizi hapa hazitalipwa, kwa sababu ni za biashara.” Akatutafutia bima ndogo ya biashara kwa ajili yake, yenye gharama ya chini kuliko nilivyohofia. Wakala wa simu asingejua kwamba cherehani zipo, wala asingeuliza.

Alieleza pia kwamba madai ya wizi yanahitaji dalili ya kuvunja, ripoti ya polisi yenye nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na baadaye abstrakti, hati ya polisi inayothibitisha tukio. Akaongeza kwamba radi imo lakini umeme unaopanda na kushuka haumo, tofauti yenye uzito katika sehemu zetu za magharibi ambako radi ni ya kila msimu na stima hurudi kwa kishindo. Kuhusu mafuriko, alitaka kujua kama nyumba iko tambarare ya chini. Anayeishi Nyalenda, Dunga au nyanda za Kano asikubali jibu la mdomo juu ya jambo hili. Adai kuliona neno lenyewe katika mkataba.

Bima ya harusi nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu tuliinunua sehemu moja tu. Mkataba wa hafla una sehemu ya kuahirishwa kwa sherehe na sehemu ya madhara kwa wageni na mali ya watu wengine. Sehemu ya kwanza ilikuwa ghali, na haikulipia mvua ya kawaida wala bwana au bibi harusi kubadili nia. Mama yule alitushauri tuiache na kuchukua ya pili, kwa kuwa mahema, viti na mitambo ya sauti vilikuwa vya kukodi na wageni walitarajiwa kuzidi 300. Hakuna aliyeumia, na mvua ilinyesha jioni baada ya keki kukatwa.

Alitupendekezea pia bima ya gharama za mazishi kwa wazazi wa pande zote mbili, shilingi 100,000 kwa kila mzazi, inayolipwa ndani ya saa 48 baada ya hati kuwasilishwa. Nilisita, kwani kwetu ni vigumu kuketi na kumhesabia mzazi aliye hai gharama ya jeneza. Nilizungumza na mama yangu mzazi kwanza, na yeye ndiye aliyeniambia niichukue. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya mazishi huku Nyanza, akihesabu siku za mochari wakati michango inaingia polepole kwenye M-Pesa, anajua thamani ya pesa zinazofika mapema.

Kuhusu malipo, sina lawama. Ankara ya bima ya vitu vya nyumbani ilionyesha kila senti: ada yenyewe 24,000, ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2 ambao ni shilingi 48, asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia kwa wenye bima ambayo ni shilingi 60, na stempu shilingi 40. Nililipa moja kwa moja kwa kampuni, na nilikumbushwa kwamba kisheria bima haianzi kabla ada haijalipwa. Mwisho wa mwaka walinitumia cheti cha bima ya afya bila kukumbushwa, ili nidai nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya ada, ambayo kikomo chake ni shilingi 60,000 kwa mwaka.

Kasoro zao zipo, na moja ni kubwa. Mwanangu wa pili alilazwa kwa nimonia mwezi wa Agosti, na siku ya kuruhusiwa, Jumapili, tulikaa hospitalini saa tano tukisubiri idhini ya kampuni ya bima. Nilipiga simu ya ofisi hii mara sita bila kupokelewa. Idhini ilikuja na bili ikalipwa yote, lakini dalali anayejiita mtetezi wa mteja anapaswa kupatikana siku ambayo mteja yuko dirisha la malipo akiwa na mtoto mgonjwa begani. Nililalamika Jumatatu. Walinipa nambari ya dharura, na nimeijaribu mara mbili tangu hapo, moja ikapokelewa, nyingine haikupokelewa. Pia hufunga Jumamosi saa sita, na anayetoka Siaya au Vihiga kwa matatu ya asubuhi atahitaji kuondoka mapema, kwa maana mazungumzo ya kwanza huchukua karibu saa mbili.

Kabla ya kwenda kwao, au kwa dalali mwingine yeyote, tazama kama jina lake limo katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima kwa mwaka huo, orodha ambayo iko wazi kwa umma. Mamlaka hiyo pia hupokea malalamiko, na sheria inaitaka kampuni kulipa dai halali ndani ya siku 90 tangu liliporipotiwa.

Nilihuisha mikataba ya afya, ya nyumba na ya cherehani Januari 2026, baada ya kuongeza jokofu jipya katika orodha. Ninawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa nambari ile ya dharura itakapopokelewa siku ya Jumapili.